Kuchagua Mazabodi ya Kompyuta ya Michezo

Wenzangu huniuliza mara kwa mara juu ya kompyuta za kuchezea michezo: zaundwaje, na mtu mwenye fedha za kiasi aanzie wapi? Wanafunzi wa zamani nao huuliza, maana sasa wana mishahara. Leo nitaeleza jambo moja tu, yaani namna ya kuchagua mazabodi. Nimelichagua jambo hili kwa kuwa mtu aweza kupotewa na fedha kwa njia mbili: kununua mazabodi isiyopatana na vifaa vyake, au kununua ya bei kubwa asiyoihitaji.

Mazabodi ni ule ubao mpana uliomo ndani ya sanduku la kompyuta, ambao vifaa vyote huunganishwa nao. Prosesa, iliyo kama ubongo, hukaa katika soketi yake. Memori husimama karibu nayo. Kadi ya picha huingia katika tundu refu la chini. Kazi ya ubao ni kupitisha umeme na habari kati ya vifaa hivyo. Wenyewe hauchori picha za mchezo. Kwa hiyo anayedhani kwamba mazabodi ghali itaufanya mchezo uende mbio amekosea. Prosesa ile ile na kadi ile ile zikitiwa katika mazabodi mbili nzuri, moja rahisi na moja ghali, mchezo huenda karibu sawasawa.

Basi yafaa kuchagua prosesa kwanza, kisha ndipo utafute mazabodi yenye soketi yake. Prosesa za AMD za Ryzen 7000 na 9000 hutumia soketi ya AM5, iliyotoka mwaka 2022. Kwa Intel, soketi ya LGA1700 ya mwaka 2021 hupokea kizazi cha 12, cha 13 na cha 14. Na LGA1851 ya mwaka 2024 hupokea zile za Core Ultra 200S. Prosesa ya soketi moja haiingii katika nyingine. Wala usiilazimishe, kwa maana soketi hizi zina sindano nyembamba sana, nazo zikipinda mazabodi huenda ikawa imekufa.

Pili, tazama memori. DDR4 na DDR5 zafanana kwa macho, lakini pengo lililokatwa chini yake halipo mahali pamoja, hivyo moja haiingii katika tundu la nyingine. AM5 hutaka DDR5 tu. Katika LGA1700 ziko mazabodi za DDR4 na ziko za DDR5. Hapana budi kusoma jina lote kabla ya kulipa.

Tatu, ujue daraja la mazabodi, ambalo huonyeshwa na jina la chipseti yake. Katika AM5, A620 ni ya chini, B650 na B850 ni za kati, na X670 na X870 ni za juu. A620 haikuruhusu kuiongezea prosesa mwendo kupita ule iliyowekewa kiwandani. Kwa kompyuta ya kadiri, daraja la B latosha kabisa.

Nne, uangalie sehemu ya umeme iliyo kando ya soketi. Hiyo hupokea umeme wa volti 12 na kuupunguza hata uwe kama volti moja, ambao ndio prosesa huutumia. Ikiwa dhaifu, hupata moto, na prosesa hulazimika kupunguza mwendo. Kwa hiyo chagua mazabodi ambayo sehemu hii imefunikwa kwa vipande vya chuma vya kupoza joto. Lakini usizidishe: Ryzen 5 7600 imepimwa kwa wati 65, na Ryzen 9 7950X kwa wati 170. Anayenunua ile ya kwanza hana haja ya mazabodi iliyotengenezwa kwa ajili ya ile ya pili.

Tano, pima ukubwa. ATX ni milimita 305 kwa 244, microATX ni 244 kwa 244, na Mini-ITX ni 170 kwa 170. Sanduku la ATX kwa kawaida hupokea microATX pia, lakini sanduku dogo halipokei ubao mkubwa. Hesabu na matundu: mawili ya M.2 kwa ajili ya SSD, na Wi-Fi ikiwa nyumbani hakuna waya wa intaneti.

Mwisho, kumbuka BIOS, yaani programu iliyomo ndani ya mazabodi. Mazabodi za B650 zilianza kuuzwa mwaka 2022, na Ryzen 9000 zikatoka mwaka 2024. Iliyokaa dukani siku nyingi yaweza isiitambue prosesa mpya. Nyingine zina kitufe cha kutia BIOS mpya kwa flashi ya USB hata kama prosesa haijawekwa. Kitufe hicho kina faida kubwa kwa sisi tusio na prosesa ya kuazima.

Kaka yangu aliweka akiba miaka miwili kwa kuuza maziwa, akaniagiza nimchagulie vifaa. Moyo wake ulikuwa kwa mazabodi ya X870E yenye taa za rangi. Tulibishana jioni nzima, nikamwandikia hesabu mbili kwenye karatasi. Mwishowe alikubali B650 ya microATX, Ryzen 5 7600, na memori za DDR5 mbili za gigabaiti 16. Fedha iliyobaki aliiongeza katika kadi ya picha, akapata iliyo bora kuliko ile aliyokuwa ameikusudia. Na kadi ndiyo ichorayo mchezo. Akitaka prosesa kubwa zaidi baadaye, soketi ya AM5 ingali ikimfaa.

Hapa Uganda vifaa vingi hutoka Dubai au China, na kurudisha ulichokosea kununua ni taabu kubwa. Kwa hiyo, ndugu zangu, andikeni majina yote kwenye karatasi, linganisheni soketi, memori na ukubwa, kisha ndipo mtoe fedha mfukoni. Mwenye swali na anitafute bwenini baada ya masomo ya jioni.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita