Programu ya duka: msimbo wake unakaa wapi?

Katika baadhi ya maduka ya Jabe, jijini Bujumbura, kompyuta imechukua nafasi ya daftari la mauzo. Mwenye duka analipa, fundi anaweka programu, stakabadhi zinaanza kuchapwa. Wachache huuliza siku hiyo: nimenunua nini hasa, na kimewekwa wapi?

Programu ina sura mbili. Ya kwanza ni msimbo chanzo, yaani maandishi ambayo mtunzi wa programu huyaandika, na ambayo mtunzi mwingine anaweza kuyasoma na kuyarekebisha. Ya pili ni mafaili yaliyotafsiriwa kutokana na maandishi hayo ili mashine iyatekeleze. Ni kama kwa fundi cherehani: mteja huondoka na shati, ilhali karatasi iliyotumika kukatia kitambaa hubaki kwa fundi.

Katika kompyuta ya Windows, shati hilo kwa kawaida limo kwenye folda ya Program Files, ambayo kompyuta za Kifaransa huionyesha kwa jina la Programmes, katika mafaili yanayoishia kwa exe au dll. Bei, bidhaa na madeni ya wateja hukaa kando, kwenye hifadhidata. Anayenakili folda ya programu peke yake, akidhani ameokoa hesabu zake, mara nyingi hajaokoa kitu. Na msimbo chanzo aghalabu haumo dukani kabisa: uko kwenye kompyuta ya mtunzi, au kwenye ghala la mtandaoni kama GitHub.

Si programu zote zilizo hivyo. SAP ya Ujerumani, inayotumiwa na makampuni makubwa, huweka programu zake za lugha ya ABAP ndani ya hifadhidata, maandishi na tafsiri yake pamoja. Odoo, iliyoanzia Ubelgiji, ina toleo la jumuiya ambalo msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Fundi wa kwanza akiondoka, wa pili anaweza kuendelea. Kwa mwenye duka, jambo hilo lafaa kupimwa kabla ya bei.

Hata wakubwa wamelikabili swali hili. M-Pesa ilizinduliwa Kenya mwaka 2007, lakini seva zake zilikuwa Ujerumani hadi zilipohamishiwa Kenya mwaka 2015. Mtu wa Nairobi alipomtumia jirani yake pesa, hesabu ilifanyika Ulaya.

Bujumbura, nayo, haijasahau moto wa tarehe 27 Januari 2013 ulioteketeza soko kuu. Kompyuta huungua kama daftari. Kwa hiyo nakala ya hifadhidata yapasa kulala nje ya duka, na ijaribiwe mara kwa mara kuona kama inafunguka. Kuhusu msimbo chanzo, mkataba unaweza kueleza kwamba utawekwa amana kwa mtu wa tatu, kwa mfano mwanasheria, pamoja na maelekezo ya kuutafsiri, ili mwenye duka aupate iwapo mtunzi atafariki, atahama au ataacha kazi hiyo. Kila toleo jipya linapowekwa dukani, msimbo wake nao upelekwe huko huko.