Mshipi, Breki na Subira: Kuchagua Rili ya Kuvulia Katika Mito ya Kyela

Jioni moja ya masika, mpwa wangu alirudi nyumbani kwao Busale akiwa amezungushia kitambaa kiganja cha mkono wa kulia. Kitambaa kilikuwa kimelowa damu. Alikuwa ameutega mshipi mtoni, akauviringisha mkononi ili asiuachie, na kambale mkubwa akaumeza mtego. Samaki alipogeuka na kuufuata mkondo, nailoni ilizama katika nyama ya mkono. Kijana aliburutwa hatua tatu kuelekea ukingoni, na aliokoka kwa sababu mshipi ulikatika kabla yeye hajaingia majini.

Dada yangu alimwosha jeraha bila kusema neno. Alipomaliza ndipo akasema, "Mwanangu, samaki wa leo atapatikana kesho. Mkono haupatikani."

Baada ya sala ya Magharibi kijana alinijia na ombi lake. "Mjomba, nimeuza mpunga gunia moja. Nataka kununua fimbo na rili. Lakini sijui ipi ni ipi, na sitaki fedha ipotee."

Ombi lile ndilo lililozaa makala haya, kwani ziko familia nyingi kandokando ya Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe ambazo kitoweo chao hutoka mtoni, na ambazo vijana wao wameanza kuiacha mishipi ya mkono. Rili si kifaa cha watalii peke yao. Kwa anayevua samaki wazito katika maji yaendayo kasi, ni chombo cha usalama. Lakini chombo kibovu ni hasara mara mbili, kwani fedha hupotea na hatari hubaki palepale.

Kwa nini mto ni mgumu kuliko ziwa

Mito ya Kyela huteremka kutoka milima ya Rungwe na safu za Livingstone, kisha huingia katika tambarare ya mpunga na kakao kabla ya kumwaga maji yake Ziwa Nyasa. Wakati wa masika maji huwa mengi, ya rangi ya udongo, na yamebeba magogo. Samaki wa kilo tatu akiwa ziwani huvuta kwa nguvu zake mwenyewe. Akiwa mtoni huugeuza ubavu wake kuukabili mkondo, na mto nao humsaidia kuvuta. Hivyo mvuvi hushindana na wawili kwa wakati mmoja.

Nao kambale wanaovuliwa humo si wadogo. Kambale aliyekomaa anaweza kuzidi urefu wa mita moja. Zaidi ya hayo, mito hii ina mamba. Mvuvi wa mshipi wa mkono hulazimika kuchuchumaa ukingoni kabisa, mahali ambapo mamba hupenda kuvizia. Mwenye fimbo na rili anaweza kusimama hatua kadhaa nyuma, mahali pa juu, na kuutupa mshipi wake mbali. Kwangu mimi, hiyo pekee ni sababu ya kutosha ya kununua rili.

Aina mbili za kuzingatia

Rili ni kigurudumu cha kuhifadhia na kuzungushia mshipi, kinachofungwa kwenye fimbo. Kuna aina mbili ambazo mnunuzi atakutana nazo sana.

Aina ya kwanza huning'inia chini ya fimbo. Bobini yake, inayofanana kwa kazi na bobini ya cherehani, haizunguki wakati wa kutupa. Mshipi huchomoka wenyewe kwa mbele. Mkono wa rili unapozungushwa, waya mdogo huuzungusha mshipi na kuurudisha kwenye bobini. Aina hii hujifunzika kwa siku moja, na mtoto wa miaka kumi na miwili anaweza kuitumia. Kasoro yake ni kwamba mshipi hujisokota ukitumika sana, hasa mtu anapoendelea kuzungusha mkono wakati samaki anavuta.

Aina ya pili hukaa juu ya fimbo, na bobini yake huzunguka yenyewe wakati wa kutupa na wakati wa kuvuta. Hii ina nguvu kubwa, kwa sababu mshipi hurudi moja kwa moja bila kupinda kona. Ndiyo wanayoipendelea wengi wanaowinda sangara wakubwa katika Mto Nile, chini ya maporomoko ya Murchison nchini Uganda. Lakini inahitaji kidole gumba chenye nidhamu. Usipoizuia bobini kwa wakati, huzunguka haraka kuliko mshipi unavyotoka, na mshipi wote hugeuka kuwa kiota cha ndege.

Kwa familia inayoanza, ushauri wangu ni aina ya kwanza, ya ukubwa wa kati au zaidi. Ya pili na ingoje mpaka mkono uzoee.

Mambo matano ya kukagua dukani

La kwanza ni breki. Kila rili nzuri ina breki inayoruhusu mshipi kutoka taratibu samaki anapovuta kwa nguvu, ili usikatike. Ikaze kidogo, kisha vuta mshipi kwa mkono. Utoke kwa ulaini, bila kukwama na kuachia ghafla. Breki inayoruka-ruka ndiyo inayokata mishipi. Wahenga walisema kamba hukatikia pabovu, na katika rili pabovu huwa hapo.

La pili ni giya. Rili ambayo bobini au waya wake huzunguka mara nne au tano kwa mzunguko mmoja wa mkono ina nguvu ya kuvuta. Inayozunguka mara sita au zaidi ina mwendo, lakini huuchosha mkono wako mbele ya samaki mzito. Kwa mto, chagua nguvu.

La tatu ni ujazo. Kwa kambale wa mtoni, tafuta bobini inayobeba kiasi cha mita 200 za nailoni yenye unene wa milimita 0.40 au zaidi. Ijaze mpaka ibaki nafasi ya milimita mbili au tatu kutoka ukingoni. Ikipungua sana, mshipi hautupiki mbali. Ikizidi, humwagika wenyewe.

La nne ni mwili wa rili. Ishike kwa nguvu na uizungushe. Ikilegea, ikipinda au ikitoa mlio wa kusaga, irudishe mezani. Mwili wa alumini huvumilia zaidi kuliko plastiki nyepesi. Usidanganywe na idadi ya beringi iliyoandikwa kwenye boksi. Beringi chache zilizo imara ni bora kuliko kumi za ovyo.

La tano ni kulingana kwa vifaa. Rili nzito juu ya ufito mwembamba ni sawa na jembe kubwa kwenye mpini wa ufagio. Fimbo, rili, mshipi na ndoana viwe vya daraja moja.

Mizani ya kakao yatoa jibu

Tulinunua rili ya aina ya kwanza, yenye mwili wa alumini, kwa fedha iliyopungua kidogo bei ya gunia lile. Nyumbani, kijana aliuliza breki ikazwe kiasi gani. Nikamwomba jirani mizani yake ya kuning'iniza, ile anayopimia kakao.

Kanuni ni rahisi. Breki ianze kuachia mshipi kwa robo mpaka theluthi ya uzito ambao mshipi unaweza kuuhimili. Mshipi wetu ulikuwa wa kilo 12, hivyo tulifunga ncha yake kwenye ndoano ya mizani, tukavuta, tukarekebisha mpaka breki ikaachia ilipofika kilo tatu. Dada yangu alikuwa ndiye msomaji wa mizani, na ndiye aliyesema, "Basi hapo. Usiikaze tena kwa hasira samaki akikuvuta."

Matunzo nayo ni wajibu. Baada ya kuvua, ifute rili matope na mchanga kwa kitambaa chenye maji safi, iache ikauke kivulini, legeza breki, na tia tone moja la mafuta kwenye mkono wake mara kwa mara. Usiizamishe majini. Wala usiuviringishe mshipi mkononi hata siku moja, uwe una rili au huna. Asiye na uwezo wa kununua rili na auzungushe mshipi wake kwenye kipande cha mti au chupa ya plastiki.

Nguvu ya kifaa na huruma

Kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Kifaa dhaifu humtesa samaki. Hupigana muda mrefu, kisha hukata mshipi na kwenda zake na ndoana mdomoni. Mtume wetu (s.a.w.), katika hadithi iliyopokewa na Imam Muslim, ametufundisha kufanya wema katika kila jambo, hata katika kuchinja, kwa kukinoa kisu na kumpumzisha mnyama. Samaki hahitaji kuchinjwa, lakini roho ya mafundisho hayo inamfikia pia mvuvi. Rili yenye nguvu inayostahili humleta samaki ukingoni upesi.

Mtihani wa mbasa

Siku chache baadaye kijana alinijia tena, macho yaking'aa. Maji yalikuwa yameanza kutulia na mbasa walikuwa wanapanda mto. "Mjomba, kwa rili hii nitawatoa thelathini kwa siku."

Mbasa ni fahari ya meza za Kyela. Huishi ziwani, hufikia karibu nusu mita, na huyapanda maji ya mito kwenda kutaga mayai kwenye changarawe. Ni samaki wa Ziwa Nyasa na mito yake pekee, na sasa amewekwa miongoni mwa samaki walio katika hatari ya kutoweka. Nyavu zinazoziba midomo ya mito humkamata kabla hajataga, udongo wa mashamba yanayolimwa mpaka ukingoni hufunika changarawe, na utupa na sumu nyingine, ambazo Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inazikataza, huua wakubwa na wadogo pamoja.

Babu yake, aliyekuwa akivuta uradi barazani, alimwita akae. Akamkumbusha kisa cha watu wa mji uliokuwa kando ya bahari, kilichotajwa katika Surat al-A'raf. Samaki waliwajia waziwazi siku ile waliyokatazwa kuvua, na siku nyingine hawakuwajia. "Mjukuu wangu," akasema, "wingi wa samaki mbele ya macho si ruhusa. Mara nyingine ndio mtihani wenyewe. Sisi hatukukatazwa Jumamosi, lakini huyu amebeba mayai. Ukimtoa leo, watoto wako watamjua kwa jina tu."

Kijana alinyamaza kitambo, kisha akauliza, "Na kambale, babu?"

"Kambale mlete. Mama yako ana ndimu."

Alfajiri iliyofuata, baada ya sala, alishika njia ya mtoni na fimbo begani. Alirudi kabla ya Adhuhuri na kambale wawili, mikono yake yote miwili ikiwa mizima.