Tusiiamini Jeki Peke Yake

Vikundi vingi siku hizi vina pikapu ya kubebea maziwa au mahindi, na pancha haichagui mahali. Tukiipata, kwanza tusogee pole pole hadi mahali pagumu na tambarare. Watu wote washuke, na magunia pia.

Tuvute handibreki, tutie gia, halafu tuweke mawe mbele na nyuma ya gurudumu la upande wa pili. Hapa wengi hudhani gia inatosha. Lakini gurudumu moja la nyuma likishainuliwa, difu huliacha lizunguke bure, na gia haishiki tena. Handibreki nayo, kwa pikapu nyingi, hushika magurudumu ya nyuma tu. Kwa hivyo mawe ni lazima, hata dereva akicheka.

Nati tuzilegeze kidogo gurudumu likiwa bado chini. Jeki ikae juu ya ubao mpana, ishike ekseli karibu na gurudumu, si bodi. Spea tuilaze chini ya chesisi. Jeki ikiteleza, gari litaangukia hiyo. Mtu asiingie chini, hata kuokota nati.

Nati hukazwa kwa kukingamana, na mara ya mwisho gari likishashuka. Baada ya kilomita 80 hivi, tuzikaze tena.