Tovuti Ipatikanayo na Tovuti Itumikayo: Mambo Yampasayo Msanifu Kuyajua

Mkulima wa mahindi akutapo majani ya mimea yake yametobolewa na viwavi hana wasaa wa kungoja. Viwavijeshi vamizi, wadudu wenye asili ya Amerika walioripotiwa barani Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016, huingia katika moyo wa mmea na kuula kwa ndani, na dawa huwafikia vema wakiwa bado wadogo. Siku hizi mkulima huyo, au kijana wake, aghalabu hutoa simu mfukoni na kuandika maneno machache: "viwavi wanaokula mahindi". Ikiwa shauri la kitaalamu limekwisha kuandikwa na kuwekwa katika tovuti, lakini halimjii, au likimjia ukurasa haufunguki, basi kwake yeye shauri hilo ni sawa na lisilokuwapo.

Mfano huu unaonyesha mambo mawili yampasayo kila msanifu wa tovuti. La kwanza ni kupatikana, yaani ukurasa uletwe na mitambo ya utafutaji pale unapohitajiwa. La pili ni utumikaji, yaani msomaji akishaufikia ukurasa aweze kupata alichokijia bila taabu. Wasanifu wengi huyatenga mambo haya: la kwanza hulidhania kuwa ni ujanja wa kuihadaa mashine, na la pili hulidhania kuwa ni urembo. Makala haya yanakusudia kueleza kwamba yote mawili yana msingi mmoja, na kwamba msingi huo ni wa kisayansi.

Faharasa ya mashine

Mtandao wa kurasa zilizounganishwa ulibuniwa na Tim Berners-Lee katika kituo cha utafiti cha CERN, Geneva. Alitoa pendekezo lake mwaka 1989, tovuti ya kwanza ikatangazwa kwa umma mwaka 1991, na mwaka 1993 kituo hicho kikairuhusu teknolojia hiyo itumiwe na watu wote bila malipo. Kurasa zilipokuwa chache, orodha iliyoandikwa kwa mkono ilitosha. Zilipozidi, ilibidi kazi hiyo ipewe mashine.

Mtambo wa utafutaji hufanya kazi tatu. Kwanza hukusanya: programu zake hutembelea ukurasa, huusoma, kisha hufuata kila kiungo kilichomo hadi kurasa nyingine, bila kupumzika. Pili hutengeneza faharasa, mfano wa ile iliyo mwishoni mwa kitabu, ambamo kila neno limeandikiwa orodha ya kurasa zenye neno hilo. Tatu hupanga: mtu anapouliza, mtambo huchagua katika faharasa kurasa zinazofaa na kuamua upi utangulie. Mtambo hauzungukii dunia nzima wakati mtu anapouliza. Kazi hiyo ilikwisha kufanyika kabla. Ndiyo maana jibu hupatikana kwa muda mfupi sana.

Katika maelezo haya mafupi msanifu anapata mafunzo mawili. Ukurasa usioelekezwa na kiungo chochote ni kama nyumba isiyo na njia. Mashine inaweza isiufikie kamwe. Kadhalika, maneno yaliyofungwa ndani ya picha huenda yasiingie katika faharasa. Ofisi nyingi huchapa tangazo, hulipiga muhuri, hulipiga picha, kisha huiweka picha hiyo katika tovuti zikiamini kwamba tangazo limechapishwa. Ni kweli kwamba mitambo ya leo inaweza kutambua baadhi ya maandishi yaliyomo katika picha, lakini haifai kuutegemea uwezo huo. Maneno na yaandikwe kama maneno.

Kutoka kuhesabu maneno hadi kupima viungo

Mitambo ya awali, kama AltaVista iliyofunguliwa mwaka 1995, ilitegemea sana maneno yaliyomo ndani ya ukurasa wenyewe. Udhaifu wa njia hiyo ulidhihirika mapema. Wenye hila walirudia neno moja mara mia, wengine wakaliandika kwa rangi nyeupe juu ya karatasi nyeupe, ili mashine ilione na msomaji asilione.

Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin, wakiwa wanafunzi wa shahada ya juu katika Chuo Kikuu cha Stanford, walieleza njia nyingine. Walitazama desturi ya wanazuoni: makala yanayotajwa na makala mengine mengi huhesabiwa kuwa na uzito, na zaidi ikiwa yanayoyataja nayo yana uzito. Kiungo kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine kilichukuliwa kuwa ni mtajo wa namna hiyo. Hesabu yenyewe inaweza kufahamika kwa kumfikiria msafiri azururaye. Akiwa katika ukurasa wowote, mara 85 katika 100 hufuata kiungo kimojawapo kwa bahati nasibu, na mara 15 huruka hadi ukurasa mwingine wowote duniani. Akizurura muda mrefu, zile kurasa azipitiazo mara nyingi zaidi ndizo zihesabiwazo kuwa na uzito mkubwa. Juu ya wazo hilo kampuni ya Google ilijengwa, na mpaka leo viungo ni kimoja tu kati ya vigezo vingi inavyovitumia.

Hila hazikukoma, wala adhabu hazikukoma. Mwezi Februari 2006 Google iliiondoa katika faharasa yake, kwa muda, tovuti ya Ujerumani ya kampuni ya BMW kwa sababu ilikuwa na kurasa zilizotengenezwa kwa ajili ya mashine tu. Mwaka 2009 ilitangaza kwamba haiitumii kabisa, katika kupanga majibu, ile orodha iliyofichika ya maneno muhimu ambayo wasanifu wengi walikuwa wakiijaza kwa bidii. Mwaka 2011 ilirekebisha kanuni zake ili kuzishusha kurasa zenye maandishi duni, na mwaka 2012 ikazilenga tovuti zinazotumia viungo vya hila. Fundisho la historia hii ni wazi: kila hila huishi mpaka siku itakapogunduliwa, na atakayepata hasara siku hiyo ni yule aliyeitegemea.

Utumikaji hupimwa

Utumikaji si suala la ladha ya mtu. Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, liliufafanua mwaka 1998 kwa vipimo vitatu: je, mtumiaji anafanikiwa kutimiza alichokusudia? Anatumia muda na nguvu kiasi gani? Na je, anaridhika? Vipimo hivi vyaweza kuchukuliwa kwa saa ya mkononi na daftari.

Jambo linalostahili kuzingatiwa ni kwamba mahitaji ya mashine yanakaribiana sana na mahitaji ya binadamu asiyeona. Msomaji kipofu husomewa ukurasa kwa sauti na programu ya kompyuta. Haoni picha, anahitaji maelezo mafupi yaliyoambatanishwa nayo. Haoni herufi kubwa. Anahitaji kichwa cha habari kitambulishwe kuwa ni kichwa katika lugha ya HTML, si kunenepeshwa tu. Akisomewa kiungo kisemacho "bonyeza hapa", hajui kinampeleka wapi. Kikisema "jinsi ya kuwatambua viwavijeshi", anajua. Mashine ya utafutaji nayo hunufaika kwa mambo yayo hayo. Kwa hiyo msanifu amtendeaye haki msomaji asiyeona amekwisha kufanya sehemu kubwa ya kazi ya kupatikana.

Kwa wenye kuona pia kuna kanuni. Mwongozo uliotolewa mwaka 2008 na W3C, chombo kisimamiacho viwango vya mtandao, unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi ya nyuma yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Maandishi ya kijivu hafifu yaweza kupendeza ofisini, lakini hayasomeki juani.

Uzito wa ukurasa

Tangu miaka ya 1960 wataalamu wameeleza mipaka mitatu ya subira ya binadamu mbele ya kompyuta. Jibu lijalo katika sehemu ya kumi ya sekunde huhisiwa kuwa la papo hapo. Likichukua sekunde 1, fikra haikatiki ijapokuwa ngoja yahisiwa. Likizidi sekunde 10, mtu hugeukia shughuli nyingine.

Tufanye hesabu. Chukulia simu iliyo mahali penye mawimbi hafifu, ipokeayo kilobiti 400 kwa sekunde, yaani kilobaiti 50. Ukurasa wa megabaiti 3, uliojaa picha kubwa na mapambo, utachukua dakika nzima kufika. Ukurasa wa kilobaiti 150, wenye maneno yaleyale na picha moja iliyopunguzwa, utachukua sekunde 3. Isitoshe, msomaji huyu hununua mtandao kwa kipimo. Kwa megabaiti 100 ataweza kuufungua ukurasa mzito mara 33, na ule mwepesi zaidi ya mara 600. Msanifu anayeongeza pambo analiongeza kwa fedha ya mtu mwingine.

Mitambo ya utafutaji nayo hulipima jambo hili. Mwaka 2015 Google ilianza kuzipendelea kurasa zinazosomeka vizuri katika simu, kwa wanaotafuta kwa simu. Katika vipimo vyake vya sasa, sehemu kubwa ya ukurasa inatakiwa ionekane ndani ya sekunde 2.5, na vilivyomo visirukeruke wakati mtu anasoma. Hata hivyo, wepesi pekee hautoshi: ukurasa mwepesi usio na jibu hauwezi kuushinda mzito wenye jibu kwa sababu ya wepesi wake tu.

Kiswahili mbele ya mashine

Mpaka hapa kanuni ni zilezile kwa lugha zote. Kiswahili, hata hivyo, kina tabia yake. Katika Kiingereza wingi wa nomino kwa kawaida huonekana mwishoni mwa neno. Katika Kiswahili hubadilika mwanzoni. Kiwavi na viwavi, mmea na mimea, ugonjwa na magonjwa: kwa mashine isiyofundishwa sarufi yetu, haya ni maneno mbalimbali yasiyo na udugu. Vitenzi ni zaidi: anapanda, walipanda, tutakapopanda na isiyopandwa vyote vina shina moja lililozungukwa na viambishi. Kila mtunga kamusi ya Kiswahili amekabiliana na tatizo hili.

Msanifu hawezi kuirekebisha mashine, lakini anaweza kuisaidia. Kwanza, autangaze ukurasa kuwa ni wa Kiswahili kwa alama ya kimataifa ya lugha, ambayo ni "sw". Pili, atumie umoja na wingi kwa namna ya kawaida katika maandishi yake, jambo ambalo mwandishi mzuri hulifanya bila kuambiwa. Tatu, na hili ndilo kubwa, atumie maneno ayatumiayo mtafutaji. Ukurasa uliopewa anwani "Udhibiti Husishi wa Spodoptera frugiperda" ni sahihi kitaalamu, lakini hakuna mkulima atakayeyaandika maneno hayo. "Viwavijeshi katika mahindi: dalili na namna ya kuwaangamiza" ni anwani sahihi vilevile, nayo yaonekana. Jina la kisayansi lina nafasi yake katika aya ya pili.

Kujaribu kwa watu watano

Msanifu atajuaje kwamba amefaulu? Jakob Nielsen na Thomas Landauer walichapisha mwaka 1993 hesabu ambayo imewafaa wengi. Katika miradi waliyoichunguza, mtumiaji mmoja aliyepewa kazi ya kufanya huku akitazamwa alifichua kwa wastani asilimia 31 ya kasoro. Wa pili huziona baadhi ya zilezile na kuongeza nyingine. Wawili hufikia asilimia 52, watatu asilimia 67, na watano karibu asilimia 85. Baada ya hapo faida hupungua. Wastani huo hutofautiana kati ya mradi na mradi, lakini shauri linabaki: heri kuwajaribu watano, kurekebisha, kisha kuwajaribu watano wengine, kuliko kuwakusanya kumi na watano siku moja.

Jaribio lenyewe halihitaji maabara. Zatosha simu ya bei nafuu, kifurushi kidogo cha mtandao, na mtu ambaye tovuti imekusudiwa kwake, si mfanyakazi mwenza. Apewe swali, asipewe jibu: "Tafuta dawa ya kuwaua wadudu hawa, na namna ya kuipima." Msanifu akae kimya, aandike maneno ambayo mtu huyo anayatumia kutafuta, mahali anaposita, na muda anaoutumia. Maneno yale ndiyo yatakayokuwa vichwa vya habari, na mahali pale pa kusita ndipo pa kurekebishwa kwanza.

Taasisi zetu za utafiti hutumia miaka kupata matokeo machache yenye manufaa. Siku moja ya jaribio la namna hii, kabla tovuti haijafunguliwa, ni gharama ndogo ya kuyafikisha kwa wenyewe.