Bei ya Kunde Sokoni na Thamani Yake Mwilini

Mtu aliyeazimia kuacha nyama, ama kwa imani ya dini yake, ama kwa afya yake, ama kwa sababu mfuko wake haumruhusu tena kusimama mbele ya bucha, aghalabu huihesabu akiba yake palepale sokoni: hutazama bei ya kilo ya nyama, akatazama bei ya kilo ya kunde, akatoa moja katika nyingine, na tofauti yake akaiita faida. Hesabu hiyo si batili, lakini haijatimia, maana bei ya sokoni ni ya kwanza tu. Baada yake iko ile inayolipwa jikoni kwa kuni na makaa, na iko ile inayolipwa ndani ya mwili, ambamo sehemu ya kilicholiwa hupita bila ya kumfaa mlaji.

Hata hivyo bei hiyo ya kwanza ni njema kuliko wengi wanavyodhani. Kilo moja ya maharagwe makavu ina protini kiasi cha gramu 210 au 220, na kilo moja ya nyama ya ng'ombe isiyo na mfupa ina kiasi cha gramu 200. Kwa hiyo anayenunua maharagwe hanunui kitu hafifu kwa kuwa ni rahisi. Sababu moja ya urahisi huo imo ardhini. Kunde, mbaazi, choroko na dengu huishi kwa ushirika na bakteria wakaao katika vifundo vya mizizi yao, na bakteria hao huichukua naitrojeni, ambayo ni asilimia 78 ya hewa, wakaigeuza kuwa lishe ya mmea, jambo walilolibainisha wataalamu wawili wa Ujerumani, Hellriegel na Wilfarth, katika miaka ya 1880. Mmea unaojitafutia mbolea yake hewani haumdai mkulima gharama kubwa, wala mlaji wake halipi malisho yote ambayo ng'ombe huyala mpaka siku ya kufikishwa machinjoni.

Walakini protini za vyakula hazilingani. Zimejengwa kwa asidi amino, na baadhi ya hizo mwili wa binadamu hauwezi kujiundia. Mwaka 1914 wanasayansi Osborne na Mendel, waliokuwa wakifanya kazi Connecticut huko Marekani, walionyesha kwamba panya waliolishwa protini ya mahindi iitwayo zeini hawakustawi, ila walipoongezewa asidi amino za lisini na triptofani ndipo walipokua. Lisini hiyo, iliyo adimu katika nafaka, imejaa katika jamii ya kunde. Na methionini, iliyo haba katika kunde, hupatikana katika nafaka. Basi wali kwa mbaazi za nazi, ugali kwa maharagwe, na ule mseto wa mchele na choroko unaopikwa pwani yetu, ni maakuli kamili yasiyostahili kudharauliwa na mtu. Mabaniani wa Unguja na Mombasa, ambao wengi wao hawagusi nyama wala samaki, wamelea vizazi kwa vizazi kwa wali, chapati, dengu, choroko na maziwa. Wala si lazima vyote vikutane katika sahani moja. Yatosha vikipatikana katika siku moja.

Sasa tuingie jikoni, ambako akiba nyingi hupotea bila ya mwenyewe kutambua. Maharagwe yaliyokaa ghalani muda mrefu katika joto na unyevu, na hali hiyo ndiyo tabia ya nchi yetu ya pwani, hubadilika ndani: ile pektini inayozigandamanisha chembe zake hushikana na madini ya kalsiamu, ikawa haiyeyuki upesi katika maji ya moto, na punje zikachemka saa baada ya saa pasipo kulainika. Muuzaji huyapunguza bei, na mnunuzi hufurahi, kisha makaa yakala faida yote na zaidi. Kwa hiyo ni haki yako, nami nakusihi uitumie, kumwuliza mwuzaji mavuno ni ya lini, na kuzitazama punje: zilizochakaa hupoteza mng'ao na rangi yake hukolea. Roweka usiku kucha, ukayamwage maji yake asubuhi, maana pamoja na kupunguza muda wa kupika, maji hayo huondoka na sehemu ya sukari zinazojaza tumbo gesi. Magadi hulainisha haraka, ni kweli, lakini huiharibu vitamini B1, na kwa maoni yangu yafaa kuachwa isipokuwa kwa maharagwe yaliyoshindikana kabisa. Na maharagwe mekundu yasipikwe kamwe kwa moto hafifu tangu mwanzo. Yana sumu ya asili ambayo huangamia kwa mchemko mkali wa dakika 10 au zaidi, na joto lisilofikia mchemko haliiondoi. Mwenye makaa machache na apendelee choroko na dengu zilizokobolewa na kupasuliwa, ambazo huiva mapema.

Ama mwilini, jambo la kuangalia zaidi ni madini ya chuma. Yamo kwa wingi katika kunde na mboga za majani, lakini yamefungamana na kemikali iitwayo fitati na mwili huyapokea kwa shida. Vitamini C huyafungua: ndimu iliyokamuliwa juu ya mchuzi, kachumbari, au embe baada ya chakula. Chai iliyokolea, inywewayo pamoja na chakula, huyazuia. Basi na isubiri saa moja hivi, hasa kwa wanawake wajawazito, ambao haja yao ya chuma ni kubwa.

Kitu kimoja hakipatikani katika kunde, nafaka wala majani, nacho ni vitamini B12, iliyotengwa mara ya kwanza mwaka 1948 na ambayo upungufu wake huharibu damu na mishipa ya fahamu. Anywaye maziwa au mtindi na kula mayai huipata humo. Aliyeviacha hivyo pia, na atenge katika fedha alizookoa bei ya vidonge vya vitamini hiyo, avinunue hivyo kabla ya kununua kitu kingine chochote.