Nunua chasisi, usinunue rangi

Kuna uchu mmoja ambao aghalabu humpata mfanyakazi wa mshahara anapoingia umri wa makamo. Humpata mwalimu, karani, muuguzi na hata mhadhiri. Hapo kwanza hana ila gari dogo la kumfikisha kazini, lakini siku moja huliona gari kuukuu la nyikani likipita polepole, refu, la pembepembe, gurudumu la akiba limefungwa juu ya boneti, na moyo wake ukatekwa. Baada ya miezi michache anakopa katika chama chake cha ushirika, ananunua spana, na kuwatangazia jamaa zake kuwa atalitengeneza gari hilo yeye mwenyewe uani kwake kila Jumamosi.

Jamaa humcheka. Mimi si miongoni mwa wanaomcheka. Naona kuwa mtu asiyejua ufundi ana haki, na pengine ana sababu njema, ya kununua gari la namna hiyo na kujifunza kwalo. Ninachokipinga ni jinsi linavyonunuliwa. Wengi hununua rangi, wakanunua sauti ya injini, wakanunua kumbukumbu za utotoni; gari lenyewe hulikagua baada ya fedha kwisha.

Ni vyema kwanza tujiulize magari haya hutoka wapi. Kanuni za nchi yetu haziruhusu kuingizwa kwa gari lililotumika ambalo limezidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kwa hiyo anayetaka Land Rover ya miaka ya 1970, au Toyota Land Cruiser ya mkondo wa 40 uliotengenezwa baina ya 1960 na 1984, hawezi kuiagiza kutoka Japani au Uingereza jinsi watu wanavyoagiza magari mengine. Hana budi kuitafuta humu humu nchini: katika mashamba makubwa, katika misheni, katika minada ya serikali, katika makampuni ya utalii, au nyuma ya nyumba ya mzee fulani ambako kuku wanatagia kitini. Maana yake ni kwamba karibu kila gari la aina hii limefanya kazi ya sulubu katika barabara zetu, na limepita mikononi mwa mafundi wengi, wazuri kwa wabaya.

Land Rover ilionyeshwa hadharani kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mnamo Aprili 1948. Wakati huo Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa adimu, ndipo waundaji wakaamua kutumia aloi ya alumini kwa sehemu kubwa ya bodi. Uamuzi huo uliozaliwa na dhiki ndio unaowahadaa wanunuzi hadi leo. Alumini haishiki kutu nyekundu kama chuma. Mnunuzi akiona mabawa na milango haina kutu, hudhani gari lote ni zima. Haulizi bodi hiyo imekalia nini.

Imekalia chasisi, na chasisi ni ya chuma. Watu wa pwani watanielewa upesi nikisema kuwa chasisi ni mkuku wa gari. Anayenunua jahazi haulizi kwanza tanga lina rangi gani. Huinama akautazama mkuku na mataruma. Tanga hubadilishwa kwa siku moja, bali mkuku ukioza hakuna chombo. Vivyo hivyo, mlango wa Land Rover hufunguliwa kwa bolti chache na kubadilishwa, lakini chasisi iliyooza hudai gari zima livuliwe mpaka libaki mifupa mitupu.

Tena chasisi hizo zina uwazi ndani, na kutu huanzia huko huko ndani ambako matope na unyevu hukaa bila kuonekana. Kikulacho ki nguoni mwako. Kwa sababu hiyo mnunuzi na achukue nyundo ndogo, alale chini ya gari, agonge taratibu kuanzia mbele hadi nyuma. Chuma kizima huitika kwa mlio mkali. Kilichooza hutoa mlio mzito, uliokufa, kama wa debe lililojaa mchanga. Agonge zaidi boriti ya nyuma inayobeba ndoano ya kuvutia, mahali ambapo springi za vipande zinaning'inia, na vile vijimkono vinavyotoka ubavuni kuishika bodi. Kisha apandishe mkeka wa sakafu, atazame mahali dereva anapoweka miguu na nguzo zinazobeba bawaba za milango. Akikuta lami mbichi imepakwa chini ya gari lote juzi juzi, asifurahi. Aulize inaficha nini. Na kama gari limeishi Mombasa, Malindi au Lamu, aongeze bidii maradufu, kwa kuwa upepo wa chumvi huharakisha kutu, na hasa hula pale alumini na chuma vinapogusana. Uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi.

Hata kabla ya nyundo lakini, kuna karatasi. Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Gari la miaka 40 huenda limeuzwa mara kadhaa kwa kupeana mikono tu, huku kitabu cha usajili kikibaki na jina la mtu aliyekwisha fariki. Kwa ada ndogo, kumbukumbu za Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani, NTSA, zitamwonyesha mnunuzi jina la mmiliki aliyesajiliwa, na kama gari limeandikishwa pamoja na mkopeshaji ambaye bado anadai. Namba ya chasisi iliyogongwa katika chuma, wala si ile ya kibandiko tu, ilingane na iliyo kwenye rekodi. Namba ya injini pia, kwa sababu Land Rover nyingi zimeng'olewa injini zake za asili na kutiwa za dizeli kutoka magari ya Kijapani. Si kosa kubadilisha injini. Kosa ni kutoandikisha mabadiliko hayo. Muuzaji anayesema, "Lipa kwanza, karatasi tutatafuta baadaye," na aachwe na gari lake.

Injini nayo isikilizwe ikiwa baridi. Mnunuzi amwombe muuzaji asiiwashe mpaka yeye afike, kisha aweke mkono juu ya boneti ahakikishe ombi lake limetiiwa. Moshi una lugha yake. Ule wa samawati usiokoma ni ishara kwamba oili inaungua ndani ya silinda. Mweusi husema kuwa mafuta yanazidi hewa. Mweupe unaoendelea hata injini ikishapata moto, tena wenye harufu tamu ya dawa ya rejeta, husema kuwa maji yanapenya mahali pasipofaa. Achomoe kijiti cha kupimia oili; akiona oili imekuwa kama chai ya maziwa, maji na oili vimekwisha kuchanganyika, na gharama haiko mbali.

Barabarani ajaribu kila gia, kisha kwenye mteremko aachie mafuta aone kama gia itaruka yenyewe. Katika Land Rover za zamani kuna mikono miwili midogo kando ya ule wa gia: wa njano huunganisha magurudumu ya mbele, na mwekundu huingiza gia za nguvu. Aijaribu yote miwili, lakini juu ya udongo, kwa sababu magari haya hayana difu ya katikati, na kuyaendesha juu ya lami kavu yakiwa yameunganishwa mbele na nyuma huzikaza shafti na gia hadi zikaumia. Inashangaza ni magari mangapi huuzwa kama farasi wa nyikani ilhali magurudumu ya mbele hayajasukuma kitu kwa miaka 10.

Breki ndiyo sehemu ambayo sitaki msomaji aichukulie kwa wepesi. Mengi ya magari hayo ya awali yana mfumo mmoja tu wa maji ya breki kwa magurudumu yote manne. Bomba moja likipasuka, breki zote zimekwenda. Mwanagenzi akikosea kurekebisha kabureta, gari halitawaka, naye atapanda matatu. Akikosea breki, atakayelipa huenda ni mtoto wa mtu mwingine anayevuka barabara akienda shule. Matairi pia yasomwe: tarakimu nne za mwisho ubavuni hutaja wiki na mwaka wa kutengenezwa, hivi kwamba 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka wa 2019. Tairi lenye meno marefu laweza kuwa limezeeka kupindukia.

Basi mwanagenzi anunue lipi? Ushauri wangu ni kuwa anunue gari linalotembea, hata kama linachechemea, wala asinunue gari lililofunguliwa likawekwa katika masanduku. Gari linalotembea hufundisha jambo moja kwa wakati mmoja; la masandukuni humtaka mtu awe amekwisha kuhitimu. Tena asitoe fedha zote alizo nazo. Theluthi moja ibaki nyumbani, kwa kuwa bei ya kununulia ni malipo ya kwanza tu.

Hapa nitaomba ruhusa niingize taaluma yangu. Mwanagenzi huamini kuwa chombo chake cha kwanza ni spana. Spana ni muhimu, na ajue mapema kuwa zile za milimita zinazokaa vyema katika Toyota hazikai katika Land Rover ya miaka ya 1960, ambayo nati zake ni za vipimo vya inchi. Akilazimisha atazila pembe zikawa mviringo. Lakini kabla ya spana huja neno. Mafundi wetu wa jua kali wameunda, bila ya baraza wala kamusi, lugha kamili ya kueleza maradhi ya gari. Klachi huteleza, gia huruka, injini hukohoa au ikapiga misi, gari hula oili, usukani huvuta kushoto, breki hushika upande mmoja. Yatazameni maneno hayo. Majina mengi yametoka katika Kiingereza, ila vitenzi ni vyetu, na uchunguzi umo katika vitenzi. Mtu anayesema "gari langu ni bovu" hajasema lolote, na atauziwa kipuri asichokihitaji. Anayesema "huvuta kushoto nikikanyaga breki tu" amekwisha kufanya nusu ya kazi ya fundi.

Kwa hiyo mwenye gari kuukuu asimkimbie fundi kwa kuwa amenunua spana. Amwendee kama mwanafunzi. Kubadilisha oili, chujio na plagi, kutia grisi, kukaza bolti, haya ayafanye mwenyewe. Kuchomelea chasisi na kutengeneza usukani awaachie wenye ujuzi huku akitazama na kuuliza. Breki, hata akizigusa yeye, zikaguliwe na fundi stadi kabla gari halijatoka langoni. Na kamwe, narudia, kamwe asiingie chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake. Jeki ni ya kuinulia. Ya kubebea ni stendi imara juu ya ardhi ngumu, na magurudumu yaliyobaki chini yatiwe vigingi.

Najua watakaouliza: je, katika nyakati hizi ngumu, si upuuzi mtu mwenye karo za kulipa kutumbukiza fedha katika chuma kikuukuu? Swali ni la haki. Anayekopa karo ili anunue gari la kuchezea simtetei. Lakini kwa yule aliye na akiba yake, nauliza kwa nini tunaona sawa anunue runinga kubwa kuliko ukuta, na tunaona aibu akionekana ana oili mikononi. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza 1985 ulikuja na ufundi wa mbao na wa chuma, wazazi wakachanga kujenga karakana, kisha baada ya muda masomo hayo yakapunguzwa na ule mgawanyiko wa kale ukabaki pale pale: kalamu ni ya mwerevu, nyundo ni ya aliyeanguka mtihani. Hiyo ni imani potofu, na tunailipia kila tunapompelekea fundi tusiyemheshimu gari tusilolielewa.

Gari kuukuu haliheshimu shahada ya mtu. Profesa na tanboi huambiwa na nyundo ile ile kama chuma kimeoza au hakijaoza. Anayetaka kununua na ainame, agonge, asikilize, na akisikia mlio wa mchanga katika debe, afunge kibeti chake aende nyumbani. Mengine yapo.