Mwili Mnene, Rangi na Ulaji katika Fasihi ya Kiswahili Iliyochapishwa

Kiswahili hakina neno moja la kutaja mwili uliojaa nyama. Kina kundi zima la maneno, na kila neno lina hukumu yake. Kivumishi -nono, ambacho aghalabu humhusu mnyama wa kuchinjwa, husifu pia mshahara na zawadi. Kitenzi nawiri humfaa mtu mwenye siha kama kilifaavyo shamba lililopata mvua. Mjini Eldoret, kama kwingi nchini Kenya, mtu aambiwaye kuwa amenenepa mara nyingi huambiwa kwa furaha, na aliyekonda huulizwa kama alikuwa mgonjwa. Swali hilo lilizidi uzito tangu miaka ya 1980, UKIMWI ulipowafanya watu wauogope wembamba. Upande wa pili yapo maneno kama tipwatipwa, jitumbo na jitu, ambamo kiambishi ji- hakikuzi umbo tu bali hudunisha pia. Kitambi nacho kina historia yake: zamani neno hilo lilitaja pia nguo ya kujifunga kiunoni, kabla maana ya tumbo lililotokeza haijaimeza ile ya kwanza.

Waandishi wa riwaya, na wachapishaji waliowapokea, wamechota zaidi katika fungu hili la pili. Si kwamba waliuchukia unene kwa kuwa ni unene. Chanzo ni kitenzi kula. Katika Kiswahili rushwa huliwa, mali ya umma huliwa, na matunda ya Uhuru huliwa. Basi tumbo likawa ushahidi ulio tayari. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, lugha ya siasa ya Tanzania ilimchora mnyonyaji kama kupe aliyevimba damu ya wengine. Picha hiyo haikukosa rangi. Mara nyingi aliyekusudiwa ni mfanyabiashara wa Kihindi, ingawa naizi naye hakusazwa, yaani Mwafrika aliyerithi kiti cha Mzungu ofisini (neno lenyewe ni kipande kilichokatwa kutoka Afrikanaizesheni).

Wachapishaji wa Nairobi walimwendeleza huyu wa mwisho. Katika Wema Hawajazaliwa (1976), tafsiri ya Abdilatif Abdalla ya riwaya ya Ayi Kwei Armah, msomaji wa Kiswahili alikutana na Koomson, waziri aliyelainika na kunenepa kwa mali ya umma. Katika Shetani Msalabani (1982) ya Ngũgĩ wa Thiong'o, tumbo la Gĩtutu lingegusa ardhi kama lisingeshikiliwa na kanda za suruali. Gĩtutu na wenzake hushindania wizi mbele ya wageni kutoka ng'ambo, na hapo ndipo suala la rangi linapokuwa gumu: mwili wa Mwafrika mnene unakuwa stakabadhi ya mali ambayo sehemu yake kubwa imekwisha kuvuka bahari.

Huko ng'ambo hoja imekwenda kinyume. Sabrina Strings, katika kitabu chake cha mwaka 2019, anaonyesha jinsi fikra za Ulaya na Marekani zilivyouhusisha unene na watu weusi ili wadaiwe kuwa walafi wasiojitawala. Sarah Baartman, aliyefariki Paris mwaka 1815, alionyeshwa kwa watazamaji kwa sababu ya umbo lake. Nadharia hiyo haiwezi kuhamishwa nzima nzima, kwani mkejeli wa Afrika Mashariki aliuelekeza unene kwa mtawala, si kwa mtawaliwa. Hata hivyo kipimo ni kile kile: mwili unasomwa kama tabia. Eldoret inakijua kipimo hicho kutoka upande wa wembamba. Tangu Kipchoge Keino aliposhinda mbio za mita 1500 huko Mexico mwaka 1968, waandishi wa kigeni wamevipima mno vigimbi vya wanariadha wa Bonde la Ufa, hata John Bale na Joe Sang wakalazimika, mwaka 1996, kuyahoji maelezo ya namna hiyo yanayotegemea rangi na maumbile.

Tatizo limekaa hasa katika vitabu teule, maana uchapishaji wa Kenya huishi kwa soko la shule. Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine (Longhorn, 2016), iliyohaririwa na Alifa Chokocho na Dumu Kayanda, ilikuwa kitabu teule kwa miaka kadhaa, na mwaka 2018 pekee watahiniwa wa KCSE walizidi 600,000. Katika hadithi ya Said Ahmed Mohamed iliyoipa diwani jina, jitu linaingia mkahawani mwa Mzee Mago na kumaliza chakula chote. Hapa rangi imetoweka kabisa, umebaki mwili. Mwalimu huuliza jitu linawakilisha nini, na darasa hujibu: wanyakuzi wa ardhi. Jibu ni sahihi, na hadithi ni ya ustadi mkubwa. Lakini darasani humo yumo pia msichana mnene, ambaye wenzake wamepata jina jipya la kumwitia. Ni nadra kuulizwa kwa nini mnyakuzi hana budi kuumbwa mnene, ilhali wanyakuzi wembamba hawakosekani.